Filozofia ku iniversite: «Tutakula maneno?»

Kila mwaka, kisha matokeo ya Exetat kutoka, familia nyingi za huku mashariki zinafanya kikao kidogo. Baba, mama, pengine na mujomba mwenye anatuma franga kutoka Kinshasa ao Kampala, wanauliza mutoto: sasa unaenda kusoma nini? Akijibu udaktari, sheria ao informatike, watu wanaitikia kwa kichwa. Akijibu uchumi wanaitikia pia, hata kama wachumi wangapi wako pembeni ya barabara wanauza unite za simu. Lakini akijibu filozofia, kunakuwa kimya. Halafu mumoja anauliza ile swali yenye kila mutu aliyesoma filo anaijua: «Kwani unataka kuwa padiri?» Na mwengine anaongeza: «Tutakula maneno?»

Hiyo swali haifai kuchekwa. Tangu vita ilifika Goma mu Januari 2025 na Bukavu mu Februari, banki zilifunga milango, kazi nyingi zilikufa, na franga za kulipa masomo ya mutoto mumoja zinaweza kutoka ku shamba yenye iliuzwa ao ngombe wa mwisho. Muzazi yuko na haki ya kuuliza franga zake zinaenda wapi. Kwa hiyo tuanze na franga, juu ndiyo pale wazazi wanaanzia, kisha tutafika ku mambo yenye mu kile kikao hayasemwe kamwe.

Ile diploma inafungua mulango gani?

Tusidanganyane: hapa kwetu hakuna ofisi yenye inabandika tangazo ku ukuta «tunatafuta mwanafilozofia». Zamani mutu alifanya miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi. Na mufumo mupya wa LMD, wenye iniversite zilianza kufuata kote tangu mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka 3, na mwenye anataka kuendelea anaongeza 2 ya masta. Kisha pale, mulango wa kwanza ni shule ya sekondari: kufundisha filozofia mu darasa la mwisho, mara nyingi na Kifaransa, na elimu ya uraia.

Na mulango ule unajulikana. Mwalimu mupya anaanza kufundisha bila kuwa ku listi ya mishahara ya serikali. Anaingia mu kundi ya wale wanaitwa «nouvelles unités», anangoja mwaka, miwili, wengine zaidi. Masomo ya bure yenye yalianza mu Septemba 2019 ni ya shule ya musingi. Ku sekondari mwalimu wa namna ile anaishi na kile wazazi wanachanga, na wazazi wa Walungu ao wa Lubero wanachanga kama wamepata. Mutu alisoma Platon na Kant, mwisho wa mwezi anapewa kipimo cha maharagi. Wenye kusema vile hawasemi uongo.

Lakini wanasema nusu. Mwalimu wa kemia mwenye alitoka ISP anagonga ule mulango mumoja, anangoja ile listi moja. Mwalimu wa historia vilevile, na wa hesabu pia. Ile njaa si ya filozofia, ni ya ualimu mu Congo. Kama muzazi anamukataza mutoto filo juu ya njaa, halafu anamupeleka kusoma jiografia ku ISP, hajatoka mu shimo, amebadilisha pembe tu.

Kuna pia milango yenye haiandikwe mu programu. Zunguka mu redaksio za radio za huku, mu mashirika ya haki za binadamu, mu sosiete sivile: utapata mutu mwenye alipita ku seminari ao ku filo. Mimi nilimaliza humanités na mafunzo mafupi ya uandishi wa habari, na wale walinifundisha kuuliza swali ya pili kisha ya kwanza, walikuwa watu wa filo. Hawakuajiriwa juu ya diploma. Waliajiriwa juu wanaweza kusoma ripoti ya kurasa 60 na kukwambia nini haisimami mu ukurasa wa 12.

Kuna watu wa aina mbili mu zile auditoire. Kuna mwenye alichagua, na kuna mwenye aliangukia pale juu fakilte zingine zilimushinda kwa franga ao kwa pointi. Filo haiombi laboratware wala vyombo, kwa hiyo mara nyingi inagharimu kidogo. Huyu wa pili ndiye mwenye anatoka na uchungu, na uchungu wake ndio familia inaona. Inasema: muliona, filo imemuharibu.

Kwa nini watu wanafikiri ni kitu ya mapadiri

Hapa historia inajibu yenyewe. Mpaka 1954, wakati Lovanium ilifunguliwa ku Kinshasa (siku zile ni Léopoldville), Mucongomani hakuwa na iniversite mu inchi yake. Mwenye alitaka kusoma kupita sekondari alikuwa na njia moja ya kweli: seminari kubwa. Na mu seminari kubwa hauanzi na teolojia, unaanza na filozofia. Sheria ya Kanisa Katolika mpaka leo inaomba miaka 6 ya masomo mbele ya upadiri, na 2 ya kwanza ni ya filozofia. Joseph Kasavubu, prezida wa kwanza wa inchi hii, alisoma filozofia ku seminari ya Kabwe, mu Kasai, mbele ya kuacha njia ya upadiri na kuwa mwalimu. Kwa hiyo wakati bibi yako anasikia «filo» na anaona kanzu nyeupe, anakumbuka vizuri namna mambo yalikuwa.

Seminari ni ya wanaume, basi filo nayo ilibaki kwa muda mrefu nyumba ya wanaume. Binti mwenye anajiandikisha leo anaulizwa swali mbili pahali pa moja. Ya upadiri hawawezi kumuuliza, wanamuuliza kama anataka kuwa sista.

Kisha serikali nayo ikaingia. Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium waliingia mu barabara za Kinshasa na jeshi likawafyatulia risasi. Juni 1971 wakataka kukumbuka wafu wao. Mobutu akafunga iniversite, akatia wanafunzi mu jeshi. Mwaka ule ule akaunganisha iniversite tatu za inchi kuwa moja, UNAZA, na fakilte ya lettres, yenye filozofia iko ndani, ikapelekwa Lubumbashi. Kutoka Lubumbashi mpaka ku kiti ya rais ni zaidi ya kilomita 1500. Kila mutu anaweza kufikiri mwenyewe kwa nini wenye kazi yao ni kuuliza maswali walikaribishwa kuuliza kule mbali. Mu 1974 fakilte ya teolojia ilitolewa mu UNAZA; maaskofu wakaishika mikononi mwao. Nyumba ile ikakuwa Facultés catholiques de Kinshasa mu 1987, na tangu 2009 ndiyo Université catholique du Congo. Wajezuiti nao wako na fakilte yao ya filozofia ku Kimwenza. Leo mwenye anataka filo kwa kina, mara nyingi anaipata ku Lubumbashi, ku Kinshasa, ao mu nyumba ya Kanisa. Kwa mutoto wa Kindu ao wa Bunia hii maana yake ni safari, na kitanda cha kulala kwa mutu.

Ugomvi wenye ulianzia Katanga

Sasa tuingie mu kitu chenye hata wanafunzi wenyewe wanapita juu yake mbiombio.

Mu 1945, ku Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulitoka kitabu kidogo: *La philosophie bantoue*. Mwandishi alikuwa padiri Mubelgiji, Placide Tempels, Mufransisko mwenye alifika Congo mu 1933 na kuishi kati ya Baluba wa Katanga. Alisema hivi, kwa kifupi: wazungu wanafikiri Mubantu hana filozofia, ni uongo. Mubantu yuko nayo. Kwake yeye kitu kuwa kweli ni kitu kuwa na nguvu. Uzima unaweza kuongezeka ao kupunguka. Wazee, wafu, watoto, wote wako mu mulolongo mumoja wa nguvu. Kwa mwaka ule, mu koloni, ilikuwa neno kubwa. Wakubwa fulani wa Kanisa hawakufurahi. Mu 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, na hakuonekana tena Congo mpaka 1949.

Lakini angalia safari ya kile kitabu. Mawazo yalitoka kwa Baluba. Tempels akayaandika kwa Kiflamandi. Yakatafsiriwa na kuchapishwa kwa Kifaransa. Wasomaji wa kwanza walikuwa wazungu. Yule muzee wa Kiluba mwenye mawazo yalikuwa yake, hakuna mutu alimuuliza: baba, hivi ndivyo ulisema?

Watu wakagawanyika. Aimé Césaire wa Martinique aliandika mu 1950, na kejeli kali, kwamba kuna watu wanadai mushahara wa haki na nyumba ya kuishi, na wewe unawajibu kwamba unaheshimu filozofia yao. Kwa upande mwengine, padiri Munyarwanda Alexis Kagame alichukua njia yake mwenyewe. Mu 1956 akaonyesha kwamba kama unataka kujua Munyarwanda anagawanya vitu namna gani, anza na luga yake: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mwenye anasema Kiswahili anasikia mutu na kitu mu masikio yake bila mutafsiri.

Halafu kulikuja watu wa miaka ya 1970, na hapa ndipo Lubumbashi ilikuwa pahali pakubwa mu dunia ya mawazo, hata kama leo hakuna kibao chenye kinakumbusha vile. Paulin Hountondji, mwana wa Bénin mwenye alikufa mu Februari 2024, alifundisha Kinshasa na Lubumbashi mwanzo wa ile miaka. Alikataa kitabu cha Tempels mu mizizi. Alisema: filozofia ni kazi ya mutu mwenye jina, mwenye anasema neno, anatoa sababu, na mwengine anaweza kumubishia. Taifa nzima haiwezi kuwa na filozofia moja yenye kila mutu anabeba bila kujua, kama vile ngozi. Ukisema «Wabantu wanafikiri hivi», umewanyanganya ile haki ya kubishana kati yao.

Na kulikuwa Valentin-Yves Mudimbe, mwana wa Likasi, muzaliwa wa 1941, mwenye alifundisha ku Lubumbashi na kuongoza fakilte ya lettres. Mobutu alipotaka kumuingiza mu uongozi wa chama chake, Mudimbe aliondoka, na kazi yake yote iliyobaki akaifanya Marekani. Kule, mu 1988, akatoa *The Invention of Africa*, kitabu chenye kinauliza: ile «Afrika» tunazungumuza juu yake, nani aliitunga? Wamisionari, watawala, wataalamu wa mila, kila mumoja na karatasi zake. Na sisi pia tunajiona kupitia zile karatasi. Alikufa mu Aprili 2025. Huku kwetu wiki zile masikio yalikuwa ku vita na ku bei ya unga, habari ilipita kama upepo. Mwana wa Likasi mwenye vitabu vyake vinasomwa mu iniversite za dunia nzima, na mu shule zetu ni wanafunzi wangapi wanajua jina lake?

«Wote wako vile»

Kwa nini tunaleta ugomvi wa maprofesa mu ukurasa wa radio ya watu? Juu ule ugomvi ni wetu, na huku mashariki tunaulipa na damu.

Chukua ile swali ya Hountondji: watu wa taifa moja wanaweza kuwa na wazo moja? Sasa isikie namna inasemwa ku kituo cha moto, mu basi, mu kikundi cha WhatsApp: «Wale wa kabila fulani, mimi nawajua, wote wako vile.» Ni umbo moja. Tempels alisema kwa mapendo na wengine wanasema kwa chuki, lakini mifupa ya neno ni ile ile: unachukua watu milioni, unawatia mu kichwa kimoja, halafu unazungumuza na kile kichwa. Mumoja aliua, basi kabila iliua. Mumoja alichukua silaha, basi ndugu zake wote wako na silaha nyumbani. Hakuna nafasi ya yule mwenye alikataa, ya yule mwenye alificha jirani chini ya kitanda, ya mutoto mwenye hajui hata jina ya ile kundi.

Mu mwaka wa kwanza wa filo kuna kozi inaitwa lojiki. Wengi wanaiogopa juu iko na herufi na mishale kama hesabu. Lakini tazama mufano huu, wa kwetu. Neno la kwanza: mwizi akiona watu wanakuja, anakimbia. Neno la pili: huyu kijana amekimbia. Basi huyu kijana ni mwizi. Kila mutu mu barabara anasikia kama imesimama. Haisimame. Maneno mawili ya kwanza yanaweza kuwa kweli kabisa na la tatu kuwa uongo, juu si mwizi peke yake mwenye anakimbia. Anakimbia mwenye aliogopa risasi, anakimbia mwenye deni, anakimbia mutoto aliona wengine wanakimbia. Aristote alichambua maneno ya namna hii zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Na sisi mu Goma, Bukavu, Butembo, tunajua ile hesabu mbovu inaishia wapi: tairi, mafuta, kiberiti. Tunaiita «justice populaire». Watu walichomwa, kisha familia ikafika ikasema mutoto wetu alitumwa kununua dawa.

Sisemi kwamba mwanafunzi wa lojiki angesimama mbele ya watu mia mbili wenye mawe. Pengine angekimbia naye. Lakini ile kundi haianzi na watu mia mbili. Inaanza na wawili ao watatu, na mumoja anasema lile neno la tatu, «basi ni mwizi», na hakuna wa kumuuliza «umejuaje?»

Kuna mwenye atajibu: mbona tumesikia watu wenye diploma kubwa, wengine walipita ku filo, wakichochea kabila ku mikutano na ku redio? Ni kweli, na ni jibu lenye uzito. Mutu anaweza kupata 14 kwa 20 mu lojiki na kesho yake kuandika mu WhatsApp ile ile hesabu mbovu, mara hii na Kifaransa kizuri. Tena mwenye anajua namna neno linajengwa anaweza kulijenga bovu kwa makusudi, na likauma zaidi. Diploma hailinde roho ya mutu. Na namna kozi inafundishwa inasaidia ile hasara: profesa anadikta, wanafunzi wanaandika, mwisho wanarudisha ku karatasi vile walipewa. Somo lenye kazi yake ni kufundisha mutu kubisha na sababu, linafundishwa bila mutu kubisha. Mu auditoire fulani mwanafunzi mwenye anauliza sana anaambiwa anasumbua, na mwenye hajanunua silabusi jina lake linaandikwa ku listi.

Huku kwetu kulikuwa mutu mwenye alijaribu namna ingine. Kä Mana, mwanafilozofia na mwanateolojia wa Congo, mwandishi wa *L'Afrique va-t-elle mourir?* ya 1991, aliishi Goma miaka yake ya mwisho na kuongoza Pole Institute. Alikufa mu Julai 2021, Covid ikamuchukua. Alikuwa anakaa na vijana, anawaomba kuandika na kusema mawazo yao wenyewe. Kwake filozofia ilikuwa kazi ya kutengeneza kichwa cha inchi, na pahali pa kuanzia ilikuwa vijana wa huku huku, mu vita humu humu. Mutu anaweza kukubali ao kukataa vitabu vyake (mimi naona mara zingine alipenda maneno makubwa kupita lazima), lakini hakungoja amani ifike ndipo afikiri.

Mama atauliza: umeandika juu ya nini?

Kuna jambo moja lingine, na kwangu mimi ndilo linafanya kimya cha kile kikao cha familia kuwa kirefu. Mutoto anasoma miaka mitatu, mitano, anaandika memware juu ya Kant ao Hegel. Anarudi nyumbani. Mama anauliza: umeandika juu ya nini? Anakosa neno. Anajibu: «Mama, ni mambo ya Kifaransa.» Kiswahili ni moja ya luga ine za taifa mu Katiba ya 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini mu auditoire Kifaransa ndicho kinafundisha, na luga zingine zinangoja inje pamoja na wauza mandazi.

Si kusema haiwezekani. Yule Tempels, aliporudi, alianzisha ku Kolwezi, mu miaka ya 1950, kikundi cha wafanyakazi wa migodi na wake zao. Kikaitwa Jamaa. Waliketi jioni, wanaume na wanawake, wakazungumuza juu ya uzima, uzazi na mapendo, kwa Kiswahili chao cha Katanga. Wale hawakuwa na diploma. Watu wa iniversite waliandika vitabu juu ya namna walikuwa wanafikiri. Unaweza kupenda Jamaa ao hapana, maaskofu wenyewe waligombana nayo baadaye, lakini luga haikuwashinda.

Na luga yenyewe iko na mambo. Descartes alisema: nafikiri, basi niko. Kila mwanafunzi wa filo anaijua kwa Kifaransa. Kagame aliitazama na jicho la luga zetu, akaona shida: kwetu ile «niko» haiwezi kusimama peke yake. Jaribu sokoni, mwambie mama muuza ndizi: «Mama, mimi nafikiri, basi niko.» Atakungojea umalize. Uko wapi? Uko nani? Uko na njaa? Niko Bukavu, niko mwalimu, niko na deni, ile tunaelewa. Niko tu, hivi hivi, hapana. Je, ni luga yetu yenye inapungukiwa, ao ni Descartes mwenye aliruka kitu, kwamba hakuna mutu mwenye yuko bila kuwa pahali na bila kuwa na watu? Tshiamalenga Ntumba, mwanafilozofia wa kwetu, alichukua neno la Lingala, «biso», maana yake sisi, akaweka «sisi» mbele ya «mimi» ya wazungu na akajenga juu yake. Wengine walimujibu kwamba «sisi» nayo ni hatari, juu kila mara kuna wale wako inje ya «sisi». Hii ni swali ya kweli, na ingeweza kukamata emisio nzima, na simu za wasikilizaji zingelia mpaka usiku. Haiombe mutu awe amesoma Kilatini.

Basi kwa wale wenye mutoto wao anasema filo mwaka huu, mbele ya kusema hapana ao ndiyo, kuna vitu vya kuuliza. Muulize mutoto mwenyewe swali gani inamusumbua. Kama hana hata moja, na anaenda pale juu pengine palimukataa, afadhali atafute ufundi ao angoje mwaka. Kama anatoka seminari na anataka kuendelea inje, uliza kama ile miaka aliyofanya inatambuliwa na serikali na iniversite itaihesabu ngapi, na ombeni jibu kwa maandishi, juu ya mudomo linasahaulika siku ya kulipa. Uliza fakilte iko na maprofesa wangapi wa kudumu mu ile departema, na wangapi wanapita na ndege mara moja kwa mwaka kutoa kozi ya masaa 45 kwa siku tano. Uliza kama kuna bibilioteki na kama wanafunzi wanaruhusiwa kutoka na vitabu. Na mufikiri mapema juu ya kitu cha pili cha kushika pembeni: Kingereza, kuandika habari, ualimu wenye agregasio, sheria. Wanafunzi wengi wa filo wenye wanaishi vizuri leo hawakuishi na filo peke yake.

Maandikisho ya mwaka wa kwanza kwa kawaida yanaanza wiki chache kisha diploma za Serikali kutangazwa. Kwa wale wa Goma na Bukavu, kama banki zingali zimefungwa, ulizeni kwanza fakilte inapokea malipo kwa njia gani, na mushike borderò yenu mpaka siku ya kupewa diploma.